Moto wa Mama Umo Kwenye Ramani

Baba Yoeli,

Ugali nimeufunika, maharage yamo chunguni. Fidelia asiende kisimani bila sweta, leo kuna sakitu, umande umeganda mpaka mlangoni.

Ramani ya nyumba yetu mpya usiitafute, ninayo. Alfajiri nilikuona unafuta meko ya kuotea moto chumbani kwa mama yako, eti karani kule boma Njombe kasema kanuni za ujenzi hazitaki moto chumbani, zinataka dirisha kubwa la kuingiza hewa. Ukafuta kimya kimya, fundi mzima! Kanuni hizo kaandika mtu anayetokwa jasho huko pwani. Hajalala Makambako mwezi wa saba.

Mimi na mama yako hatupikiki chungu kimoja, unajua. Lakini hatakufa kwa baridi ndani ya nyumba yangu. Meko nimeyachora upya, safari hii kwa wino. Rula yako nimeirudisha kwenye sanduku la zana.

~~Wakikataa nitarudi leo jioni.~~ Sirudi mpaka wagonge muhuri. Njombe tutalala kwa dada Telesia.

Ndiyo, tutalala. Mama yako naye usimtafute, ninaye. Tunapanda lori la asubuhi. Karani akitaka kufuta meko, amweleze mwenyewe atalala wapi. Kiswahili mama hajui, lakini usihofu: Kibena chake chote nitamtafsiria karani, bila kupunguza hata neno.

Mbuzi wahamishwe kamba mchana.

Mama Yoeli, mkwe wa mama yako