Namba Mbili Niliyompa Mama Yako

Tawnaghbeg,
Kaunti ya Leitrim,
Ireland.

9 Novemba 1998

Mpendwa mwanangu Gráinne,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Perth, wewe na Declan, na kwamba kile kikohozi cha Orla kimeisha. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Mvua haijakatika tangu tarehe 12 Oktoba. Naiandika kila siku kwenye shajara, hata nimechoka na neno lenyewe.

Kuhusu mama yako sitakuficha. Daktari alikuja tarehe 3, akampima mapafu, kisha akaniita nje kwenye gari lake. Alisema huenda akafika Krismasi. Tumehamishia kitanda chake chumba cha karibu na jiko. Kila asubuhi bado anataka redio iwashwe wakati wa matangazo ya vifo, na bado ananituma nipeleke kadi za misa, za kuwaombea marehemu, kwa watu waliokwisha kumsahau.

Uliniuliza aliingiaje siasa na alitokaje, kwa kuwa alipoingia ulikuwa mdogo mno, na alipotoka ulikuwa kwa masista shuleni, na hakuna aliyekueleza. Nimefungua shajara zangu ili nisikosee.

Baba yako alifariki Machi 1969, akiwa mbunge. Chama kilimsimamisha mama yako agombee kiti hicho kwa sababu kilizitaka nguo zake nyeusi za ujane, basi. Walidhani atakaa kimya mpaka wapate mwanamume. Alikaa miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi aliwapokea watu chumba cha nyuma cha baa ya Gilrane: huyu pensheni, yule simu, yule maji ya bomba. Na hakukosa mazishi. Siku moja alizika watu watatu katika parokia tatu, na wawili kati yao hawakuwahi kumpigia kura.

Halafu ukaja uchaguzi wa Novemba 1982. Huko kwenu nanyi mnawapanga wagombea kwa namba, moja kwa unayemtaka kwanza, mbili kwa anayemfuata, kwa hiyo utanielewa. Chama kilisimamisha wawili, mama yako na kijana mmoja, Conlon. Mama yako alishindwa kwa kura kumi na tisa. Wakati wa kuhesabu, watu wa vyama huegemea kizuizi na penseli, wakichungulia na kujumlisha kura kila sanduku linapofunguliwa. Sanduku la shule yetu, la nyumbani kabisa, lilitarajiwa kumpa namba moja mia na sitini. Lilimpa mia na kumi na mbili.

Mtu wa chama aliyetafuta kura za sanduku letu alikuwa Packie Feely, yule jirani aliyekufundisha baiskeli. Mama yako alimwendea palepale ukumbini.

"Umeniuza, Packie. Umeniuza mlangoni kwangu."

"Attracta, mimi namba moja yangu ni yako tangu siku ya kwanza."

Mama yako alimgeuzia mgongo. Hakumsemesha tena kwa miaka kumi na sita. Packie aliendelea kufyeka ua wa njia yetu kila Agosti, na mama yako aliendelea kuvuta pazia akimwona.

Sasa sikia nilichoandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: "Jumapili, 21 Novemba 1982. Mvua. Baada ya misa nimewaambia wenzangu kwamba Attracta yuko salama, wampe Conlon namba moja tupate viti viwili." Na tarehe 24: "Nimepiga kura saa nne. Conlon 1, Attracta 2."

Nilidhani namsaidia. Neno lile, yuko salama, lilitoka kwangu likazunguka parokia nzima. Nilipoona hesabu ya sanduku nilijua siku hiyohiyo, nikanyamaza.

Packie alifariki tarehe 27 Oktoba. Jina lake liliposomwa, mama yako alinyoosha mkono akazima redio. Nilikwenda mazishini peke yangu, nikarudi na viatu vya matope, nikamsomea kurasa zile mbili nikiwa nimesimama.

"Jumapili ile baada ya misa mlikuwa wangapi?" aliuliza.

"Saba."

"Na wewe ulinipa namba mbili."

"Ndiyo, dada."

Aligeukia moto. "Usiku wa kuamkia kura niliketi na orodha, nyumba kwa nyumba. Yako niliiruka, Dympna. Niliona haina haja ya kuhesabiwa."

Kisha akadai koti lake jeusi. Nesi alikataa, mimi nilikataa, na Jumamosi tukampeleka nyumbani kwa akina Packie. Bea, dada yake Packie, alifungua mlango. Mama yako aliishika fremu ya mlango, akavuta pumzi, akampa mkono.

"Pole kwa msiba, Bea."

"Umechelewa, Attracta. Yeye alikuwa akikutazamia kila Krismasi, na kikombe chako anakiweka tayari." Halafu akasogea pembeni. "Haya, ingia, baridi inaingia."

Alikunywa chai katika kikombe kile.

Tangu siku hiyo mama yako hanisemeshi. Hanitukani. Nikimpa dawa anapokea, nikimwinua anainuka, na macho yake yako dirishani. Kiti alichokikalia Packie kwa miaka kumi na sita nimekirithi mimi, na sidhani nitakikalia muda mrefu.

Sikuombi unitetee kwake. Nakuomba uje, mwanangu. Ukija baada ya redio kusoma jina lake, nyumba itajaa watu wa kukupa mkono, na yeye hatakuwa na la kukuambia.

Nisalimie Declan na Orla. Bea Feely anakusalimu, na Tomás wa posta pia. Mungu akulinde njiani, na akufikishe nyumba hii ikiwa bado ina mwenyewe.

Mama yako mdogo akupendaye,
Dympna