Mshika Funguo wa Ipuli

Jumapili, 3 Agosti 2025

Asubuhi nimefungua kanisa. Mimi! Zamda binti Saidi, naswali alfajiri kisha napanda bajaji kwenda Ipuli kuwafungulia watu mlango wa ibada. Kufuli mbili, funguo mbili, zote mkobani mwangu. Ya juu ni ya upande wa Mchungaji Ezekia. Ya chini ni ya upande wa mzee Ngollo, kiongozi wa wazee wa kanisa. Makao makuu yamemhamisha mchungaji, yeye hataki kuondoka, wazee hawataki abaki. Kila upande ukatia kufuli yake, ibada zikakwama.

Mimi nilikuwa nimepeleka hesabu za mwezi tu. Hiyo ndiyo kazi yangu — naandikia hesabu makanisa na asasi ndogo ndogo. Nikawakuta wamekaa kikao. Mmoja akasema, huyu mama Mwislamu, hana upande kwetu, ashike yeye. Wote wakageuka kunitazama. Watu wazima, wenye mvi! Nikaona haya. Nikasema haya, kwa wiki moja.

Huu ni mwezi wa tatu.

Na jambo la kwanza ninalomwambia kila mteja: mwandika hesabu hashiki funguo. Nawafundisha wengine, mwenyewe nikaingia mkenge.

Mdogo wangu Adinani leo kaniita "muadhini wa kanisa" mbele ya wateja dukani kwake. Wamecheka, nami nimecheka. Nimerudi nyumbani nikavunja kikombe.

Jumanne, 5 Agosti

Mwanangu Najiat kapiga simu kutoka Kigoma. Mimba yake ya kwanza, daktari kamwambia katikati ya mwezi ajiandae. Anasema mama, usipokuja wewe atakuja mama mkwe, na yule mimi namwogopa hata kumwomba maji.

Nimemwapia. Nimekwenda stesheni hapo hapo, nimekata tiketi, treni ya Alhamisi tarehe 14, jioni. Nimeshika ile tiketi nikajisikia mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimewapelekea barua. Nakala mbili, nimeandika kwa heshima zote: kuanzia tarehe 14 sitaweza kushika funguo, tafadhali mteue mtu.

Mchungaji Ezekia kanikaribisha chai. Kaisoma, kafumba macho, kamwombea Najiat hapo hapo — ombi zuri, machozi yakanilenga! Kisha kairudisha barua mkononi mwangu. Ati Bi Zamda, ukiondoka wewe, siku ya pili yake wananivunjia mlango.

Mzee Ngollo hakuipokea kabisa. Anasema mayu — ndiyo mama, kwa lugha yao — macho yangu siku hizi hayasomi. Gazeti lilikuwa mapajani, miwani usoni.

Barua zote mbili zimo humu ndani ya shajara. Sikujua pa kuzipeleka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefungua. Nimekaa nje kwenye kiti mpaka wamalize. Nimefunga.

Wateja wangu, wafuga nyuki wa Kigwa, wamepata mwandika hesabu mwingine. Nimewaahirishia mara tatu, kwa sababu kila ninapotaka kutoka mjini kuna mazoezi ya kwaya au mkesha. Wameniandikia meseji: "Mama tumeona upo bize na kanisa." Bize!

Jumanne, 12 Agosti

Adinani anasema dada, funguo zitupe uani kwa mchungaji, panda treni yako. Kwake kila kitu rahisi.

Nikizitupa kwa mmoja, mwingine atakuja na shoka. Damu ikimwagika watauliza nani aliachia funguo. Hawatasema Ezekia wala Ngollo. Watasema Mwislamu kauza kanisa. Sisi kwetu, tangu babu, tunazikana na Wakristo, tunakula sahani moja nao. Niwe mimi wa kuharibu? Naogopa. Naandika wazi: naogopa. Yamenifika shingoni.

Jumatano, 13 Agosti

Mzee Masolwa amefariki. Innalillahi. Wa upande wa wazee, lakini hakuwa na makelele. Ndiye aliyekuwa ananitolea kiti kila Jumapili nisisimame juani, na karanga za kukaanga kwenye karatasi. Nimemlilia sana.

Mazishi kesho. Kesho!

Ezekia kapiga: jeneza haliingii kanisani bila yeye kuongoza ibada. Ngollo kapiga: yule mtu asiliguse jeneza. Wote wawili: usifungue mpaka nikuambie. Nimewajibu nitafungua mapema wanawake wafagie, wao wapatane, jioni nina safari. Hakuna aliyesema safari njema.

Mjane wa marehemu, Apolinaria, hajapiga. Yeye ndiye ningemsikiliza.

Begi nimefunga. Kanga za mtoto, asali, mchele wa uji.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya kanisa. Nimefungiwa!

Nilifungua, nikaingia peke yangu kupanga mabenchi. Nikasikia mlango unavutwa, kufuli inabana. Ni Godbless, mpiga kinanda wa mchungaji, anapiga kelele nje kwamba haingii mtu mpaka mchungaji afike. Nikamwambia mimi nimo ndani! Kaja dirishani. Ati shikamoo mama, samahani sana, ni kufuli mpya, ufunguo anao mchungaji.

Baadaye vijana wa Ngollo wakakuta ile kufuli wakatia ya kwao juu yake. Nikapiga kelele tena. Shikamoo mama, ufunguo anao mzee. Adabu wanayo, mlango hawafungui. Na zile funguo mbili zimo mkobani, hazifungui chochote.

Adinani hapokei simu.

Adhuhuri imenikuta humu humu. Maji ya kunyunyizia sakafu yamenitosha kutawadha. Nimetandika mtandio kati ya mabenchi, kibla kimeangukia kwenye ngoma za kwaya. Nimeswali.

Alasiri. Jeneza limeletwa na nyimbo. Nyimbo zimekatika mlangoni. Ugomvi — mkubwa, hata akina mama. Mtu kalia. Kisha nikasikia kicheko! Ezekia na Ngollo, wanacheka pamoja!

Wamekuja dirishani bega kwa bega, nyuso zinang'aa. Mama Najiat, tumepatana! Ataongoza mchungaji mgeni kutoka Nzega, na mengine yote yasubiri mkutano wa Desemba. Mpaka hapo funguo ushike wewe. Ngollo kanionyesha mpya, tayari wamezitia kwenye kamba. Kubali tu, tunafungua sasa hivi.

Nikawaambia mwanangu anajifungua. Ezekia kasema tutamwombea. Ngollo kauliza, kwani mama mkwe wake hayupo?

Nikasema hapana. Mara ya kwanza kuwaambia hapana! Nimesema, hapana, fungueni mlango. Wametazamana wakaondoka. Nikadhani wamekwenda kuleta funguo.

Wamekwenda kumleta Apolinaria. Wamemwekea kiti chini ya dirisha, wamemsaidia kupanda. Kaninong'oneza kwa sauti iliyokauka: mayu, mume wangu yuko juani tangu alasiri, kaburi limechimbwa, waambie hilo neno wanalolitaka nikamzike. Nikamwambia, mama, nina treni. Akasema najua, mwanangu.

Nyuma yake wote wamevua kofia. Najiat kapiga mara mbili, sikupokea, ningemwambia nini mbele za watu hawa?

Apolinaria kashika ncha ya mtandio wangu kupitia nondo za dirisha na haachii. Halii, ananisubiri. Naandika ili nisimtazame usoni.