Mbuzi Aliyezalia Komini

Jumanne, 4 Novemba
Asubuhi nilimfunga mbuzi nyuma ya nyumba kama kila siku, nikapeleka sombe, majani yangu ya muhogo, sokoni. Kurudi, kigingi kipo, mbuzi hayupo. Watu wa komini, serikali ya mtaa, wamemchukua, eti alikuwa anazurura barabarani. Waongo wakubwa! Mama Furaha, jirani yangu, ndiye hunitazamia mbuzi nikiwa sokoni. Amewaona kwa macho yake wakifungua kamba. Atanishuhudia.

Ana mimba, yule mbuzi. Ndiye mali pekee niliyotoka nayo Djugu tulipokimbia vita.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeenda komini. Wanadai faini, chakula, ulinzi. Chakula gani? Nimemkuta anatafuna katoni. Nimekataa kulipa. Kila siku wanaongeza.

Ijumaa, 7 Novemba
Amezaa humo humo zizini. Kambuzi keusi, kana doa jeupe pajini. Nimefurahi kama mjinga. Ndipo karani akasema nilipe ya wawili.

"Na haka nako kalizurura barabarani?"

"Mama, kila nyama yenye iko humu ndani inalipiwa."

Watu wakacheka. Mimi pia, kwa hasira. Mkuu wake akatoka: nilete shahidi Jumatatu. Akithibitisha mbuzi alifungwa, silipi kitu.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada nimemkumbusha Mama Furaha. Karibu akasirike. "Unaniomba nini, dada? Siye si tulilala chini ya bashi moja?"

Kweli, turubai moja. Tulipokimbia, yeye alibeba mtoto wangu mgongoni, mimi nikavuta mbuzi. Nimeona aibu kumkumbusha.

Jumatatu, 10 Novemba
Alisimama mbele ya mkuu akasema: "Ile mbuzi iko inatembea yenyewe kila siku."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mkuu akamwambia arudie. Akarudia.

Nimeuza kikwembe changu, kitenge cha ndoa. Hela imetosha mama tu, kambuzi kamebaki. Mbuzi amegoma langoni, nimemburuta mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Novemba
Nimeuza na sufuria kubwa, nikaenda kukomboa kambuzi. Hakapo. Mlinzi anasema yule mama shahidi alikachukua jana, nilipotoka tu. Nikauliza alilipa nini. Akacheka.

Kumbe walimpa kambuzi aniuze; ndiyo bei yangu. Kwetu, anayekutazamia mbuzi hupewa mzao wa kwanza. Kambuzi kalikuwa kake tangu tumboni! Nilikuwa nangoja tu kaache kunyonya nimpelekee. Mpumbavu mimi. Mpumbavu yeye.

Jumatano, 12 Novemba
Kambuzi kamelia tangu alfajiri, kwa Mama Furaha, ng'ambo ya lupango, ua unaotutenganisha. Mbuzi wangu anajibu, chuchu zimejaa. Nimechambua sombe nikijifanya sisikii.

Jua lilipopanda Mama Furaha akaja kwenye lupango, akakapitisha juu kwa mikono miwili. Nikakapokea. Kakanyonya mpaka kakashiba, kamkia kakicheza.

Halafu nikamrudishia kambuzi kake.