Mambo Matatu ya Kupeleka Bungeni

Nyumbani, 19 Januari 2025

Kawira mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi tu wazima, ila goti la mama yako limeanza tena na baridi hii.

Nina habari. Bodi yetu ya manispaa itachagua mambo matatu ya kuliomba Bunge litunge sheria. Ni matatu tu, kwa sababu mwenyekiti wetu, Bwana Cornelius, anasema seneta husoma ukurasa wa kwanza tu, kurasa nyingine hufungiwa maandazi. Mimi nataka moja liwe la hawa maajenti wa kazi za nje.

Nikueleze. Mji unampa ajenti leseni ya duka, sawa na muuza viatu. Lakini kazi aifanyayo ndani ya duka hilo inasimamiwa na serikali kuu. Akiwadanganya vijana wetu, sisi tunaweza kumtoza faini ya bango kubwa kupita kiasi, basi. Nataka mji upewe mamlaka ya kuwafungia maduka.

Mdogo wako Edith huzungumzia sana ajenti mmoja, Benard, anayemwahidi kazi ya hoteli huko Doha. Bado ni maneno tu. Wewe uliyepita njia hiyo, unasemaje?

Ni mimi baba yako.

*

Fereej Bin Mahmoud, Doha, 24 Januari 2025

Baba,

Pole kwa mama na goti lake. Mimi ni mzima, na leo Ijumaa niko chumbani napumzika.

Nilimsomea barua yako Pamela, yule Mganda ninayeishi naye. Akaacha kukaanga samaki. Akasema, "Mwambie mzee asitufungie mlango. Mimi niko ndani, lakini dada zangu watatu bado wanabisha."

Baba, asemayo ni kweli. Sitaki ajenti afungiwe duka. Unajua niliambiwa nitakuwa mhudumu wa mapokezi hospitalini. Mkataba nilipewa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mtu nyuma yangu akinisukuma kwa sanduku. Nikatia sahihi. Nilipofika Al Wakrah, mji jirani na Doha, ndipo nikajua nimekuja kumlea bibi mgonjwa. Alikuwa mtu mwema, Mungu ampumzishe, na kutoka kwake ndipo nikapata kazi hii ya kliniki. Lakini wema wake ulikuwa bahati yangu, haukuwa haki yangu.

Omba hivi: mkataba usomwe kwa sauti katika ofisi ya mji, kwa lugha anayoielewa msafiri, kabla hajatia sahihi. Akishasikia, aamue mwenyewe.

Binti yako, Kawira

*

Nyumbani, 20 Februari 2025

Mwanangu mpendwa,

Goti limepoa, tumshukuru Mungu. Mimi ndiye mgonjwa, na ugonjwa wangu ni aibu.

Kikao kilifanyika. Nilisimama nikaeleza ombi lako. Nilianza na Katiba, nikaja kwenye mgawanyo wa majukumu, nikapitia vibarua walioletwa zamani kujenga reli, ili wajumbe waone kwamba mikataba isiyosomwa haikuanza leo. Vichwa vilitikisika. Nikaketi nimeridhika.

Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Hakuna mkono ulioinuka. Kwa kanuni zetu, hoja isiyoungwa mkono hufa hapo hapo. Akaendelea na hoja ya maji taka.

Wakati wa chai, Nyanchama, anayewawakilisha akina mama wa sokoni, alinijia na kikombe chake. "Mwalimu, nilitaka kukuunga mkono," akasema, "lakini sikujua umemaliza. Nilidhani umeketi kupumzika."

Orodha itafungwa katika kikao cha Machi. Nimeomba nafasi tena.

Baba yako

*

Doha, 28 Februari 2025

Baba,

Nimefurahi kwamba goti limepoa. Nyanchama ametuchekesha mpaka Pamela akapaliwa na chai.

Sasa nisikilize, maana hili si la kucheka. Edith alinipigia simu jana. Benard ameshachukua pasipoti yake, na atasafiri mwezi ujao. Hakukuambia kwa sababu anajua utamweleza, kuanzia Katiba.

Baba, usimweleze. Nenda naye kwa ajenti, mwombe mkataba, uusome. Bunge likikubali leo, sheria itatoka Edith akiwa na wajukuu. Kusoma hakuhitaji sheria.

Binti yako

*

Nyumbani, 23 Machi 2025

Kawira,

Tu wazima. Mama yako anakusalimu.

Kikaoni nilisema sentensi moja. Nyanchama aliunga mkono kabla sijaketi. Jambo letu ni la pili, chini ya maji taka. Mwenyekiti amelipeleka kwa seneta.

Kwa Benard tulikwenda jana. Alituagizia soda na kusema mikataba ni ile ile, mzee, hakuna haja. Nikamwambia tuna nafasi. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha nikafasiri. Ukurasa wa pili ukatuonyesha kwamba hakuna hoteli: ni kazi ya yaya katika nyumba ya watoto watano, huko huko Al Wakrah. Benard akasema yeye haandiki, anapokea tu.

Nilipomaliza, Edith akasema, "Baba, soma tena pale pa mapumziko." Nikasoma tena ukurasa wa tatu: siku moja kila wiki.

Akachukua kalamu. "Nitakwenda. Ila sitafika huko nikishangaa."

Nilikuwa na la kumwambia, mwanangu, na lilikuwa refu. Nilimpa karatasi tu ajaribu kalamu, maana haikuwa ikiandika.

Atafika Alhamisi.

Baba

*

Doha, 19 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa mama. Mimi ni mzima.

Edith alifika salama. Ijumaa ya kwanza nilipika, hakuja. Ya pili na ya tatu pia, na simu yake ilikuwa imezimwa. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukuambia ila hofu.

Jana alikuja. Anasema alimwomba bibi wa nyumba siku yake, akaambiwa hakuna kitu kama hicho. Akaleta mkataba, akafungua ukurasa wa tatu. Yule bibi akasema karatasi hiyo hakuwahi kuiona, akamwita mumewe aisome. Walizozana kwa Kiarabu muda mrefu, Edith amesimama na mtoto mgongoni. Mwishowe akapewa nusu siku. Mkataba unasema siku nzima, na anasema wiki ijayo atausoma tena.

Alikula kidogo, akajilaza kitandani kwangu na viatu miguuni. Pamela alimvua pole pole asimwamshe. Tulikaa sakafuni tukinong'ona mpaka saa yake ya kurudi ikafika.

Seneta amejibu?

Binti yako, Kawira