Karatasi Mbili za Jina Langu

Mama yangu wa Kilwa yetu ya ku ziwa,

Unaamkaka namna gani? Mugongo wako uko unauma tena, ao dawa ilisaidia? Sisi huku Lubumbashi tuko bazima ya mudomo tu.

Ninapenda usikie jambo hii kwangu, hapana kwa bengine. Mwaka ulipita, munganga mumoja muzungu, daktari, alifika mu mutaa yetu, karibu na tanuru ya kuyeyusha mukuba, ile shaba. Alinichagua kumutafsiria kwa bamama, sababu ya Kifaransa nilisoma kwa bamasere ba misioni. Tulipita nyumba kwa nyumba, akakamata damu ya batoto, na ya Mwape wangu pia. Kisha akaniambia vumbi ya tanuru iko na sumu, inaingia mu damu ya Mwape, na baba yake anairudisha ku nyumba mu nguo za kazi. Akaomba niandike yote niliona, aipeleke Ulaya, kwenye mukutano wa inchi nyingi zinatafuta kukataza sumu za namna hiyo. Niliandika, nikatia saini.

Haikukawia, shefu wa personeli, mukubwa wa bafanyakazi ba kompanyi ya tanuru, akatuita, mimi na bwana yangu Kalenga. Karatasi ilikuwa tayari juu ya meza, inasema: munganga alitufundisha uongo, mutoto wetu iko muzima.

Aliniambia polepole, “Citoyenne, mama mwananchi, leo bwana yako iko na kazi. Ya kesho iko mu mukono yako.”

Nyumba iko ya kompanyi, Mama. Lopitali pia, na unga tunakula. Kalenga alikuwa anaangalia chini. Nikatia saini.

Juzi barua ya munganga ilifika. Anasema alipomaliza kusoma maneno yangu kule, mujumbe mumoja alisimama akasoma karatasi ya pili, ile ya ku meza ya shefu. Jina moja, mukono moja. Hakuna muntu aliuliza tena. Bakapita ku mambo ingine. Munganga hakunitukana. Aliuliza tu kama Mwape anaendelea muzuri.

Sikumujibu. Mwape, tumbo inamukamata kila siku, na masomo aliyajua sasa yanamupotea.

Ninamutuma kwako na kamyo, ile gari kubwa ya samaki ya kaka yangu Chanda. Hata akilia, usimurudishe huku.

Salimia dada mukubwa mwenye kuuza mikate, na baba mudogo katekista; aniombee, lakini asiniulize kitu. Mwape akitaka kujua sababu gani nilimuondosha kwangu, umuambie yote. Mimi kinywa kilikataa kumuambia.

Mutoto wako,
Chola