Mistari Niliyoiruka

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama macho yake yanaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yanadai likizo. Lifti ya jengo letu imekufa, na mimi nakaa ghorofa ya sita. Wiki ya kwanza nilinuna. Ya pili nikaona ngazi nitazipanda tu, nikinuna nisinune, basi kila ghorofa nikatafuta mtu wa kusalimia. Wa ghorofa ya tatu ana kasuku, ananitukana kila nikipita! Msomee Mama, na sauti ya kasuku uiweke.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama hajambo, macho ndiyo hivyo, hata uzi hauoni. Simu bado kaikataa, anataka karatasi ya kuweka chini ya mto.

Nimemsomea. Kacheka mpaka mteja niliyekuwa nampima suruali akauliza kuna nini. Mimi hajanichekea hivyo tangu nirudi kumtunza. Naona wivu, sikufichi. Shida zako zina kasuku. Zangu zina cherehani inayokata uzi, na mama anayeniita mara kumi kabla ya chai. "Mwanangu, miwani yangu iko wapi?" Anayo usoni! Halafu ananiambia, "Mdogo wako angecheka hapo."

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Hapo kwenye miwani nimecheka peke yangu kazini, wenzangu wa kufua mashuka ya hospitali wakadhani nimepandwa na homa. Wala kuchekesha si uchawi, dada. Jambo likiniudhi najiuliza: nikilisimulia, nitaanzia wapi? Nikipata pa kuanzia, hasira inapungua. Hebu jaribu na Mama.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. U mzima? Sisi wazima.

Barua yako nimemsomea Mama nikiruka kila penye utani. Nilisoma salamu, nikatunga habari za mvua, nikamaliza. Akauliza, "Ndiyo tu?" Nikasema ndiyo tu. Akaikunja, akaiweka chini ya mto. Nilifurahi kutwa nzima. Roho ya kwa nini ninayo, sikatai.

Usinifundishe kuishi na Mama. Njoo uishi naye wewe.

Dada yako

30 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo? Karibu miezi mitatu nimekaa kimya kwa hasira. Hasira imeisha, nimebaki na aibu.

Kasuku yupo kweli. Lakini wiki ile niliyosema nilinuna, nilikuwa nalia. Nikifika juu hakuna anayeniita, nafungua redio ili mtu aongee. Shida zangu nazigeuza vichekesho kwa sababu sina kingine cha kumpa Mama kwa mbali. Wewe unampa mkono akiinuka. Mara kumi kabla ya chai! Mimi nakuonea wivu hapo, na wangu ni wa siku nyingi kuliko wako.

Msomee au usimsomee, hiari yako.

Mdogo wako

16 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, mara mbili. Unakula vizuri?

Nimemsomea yote, mpaka pa redio. Pale alifuta macho. Kisha nikaitoa ile ya Aprili, nikamsomea mistari niliyoiruka bila kujitetea. Nilingoja anifokee. Akauliza, "Na wewe ulimwandikia nini?"

Nikajiuliza nitaanzia wapi, nikaanzia kwenye miwani. Nikamwigiza anavyoita, mimi ninavyoacha sindano na kukimbia, na anavyonikodolea macho kupitia miwani hiyo hiyo anayoitafuta. Wivu wangu nao nikamwambia, wote.

Alicheka, mdogo wangu, mpaka akashika meza. Akasema, "Kumbe una maneno yote haya na umeninyima?" Hakukutaja hata mara moja. Nilifurahi mno, halafu nikakufikiria huko juu peke yako, nikaona haya.

Omba likizo uje. Kiti cha karibu naye nitakupisha, siku ya kwanza tu.

Dada yako