Faili la Pacha wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Wameyabeba mafaili yote leo. Kabati la chumba cha dharura ya watoto hapa hospitalini limebaki tupu, milango wazi kama kinywa cha mtoto anayelia. Na mimi ndiye niliyekuwa mfalme wa kabati hilo! Shule niliiachia njiani, sawa, lakini mama akitokeza tu na mtoto mgongoni, mimi nimeshalivuta faili lake. Madaktari waliniita Umeme. (Wengine Kelele. Wivu tu.)

Sasa ni kompyuta. Bwana Mitambo, aliyezileta, kaniambia niandike jina langu. Nikaitafuta herufi ya kwanza mpaka chai ikapoa. Dada nesi alicheka hadi akashika ukuta.

Sista Mkuu kasema asiyeiweza mashine kufikia Ijumaa anahamia kufua mashuka. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 5 Machi

Naiweza! Vidole viwili, lakini vya moto. Leo daktari kakuta ukurasa wa mgonjwa uko wazi kabla hajakaa. Nimevimba kichwa siku nzima.

Ila haina harufu. Faili lilikuwa na doa la uji, machozi, na mwandiko wa yule daktari mzee aliyestaafu — kama kuku kapita, na msomaji wake nilikuwa mimi tu. Ukilishika tu unamjua mtoto. La mwenye pumu nene kama godoro, la mgeni jembamba. Kwenye kioo cha kompyuta wote unene mmoja.

Nimemwambia Bwana Mitambo. Eti, "Dogo, utazoea." Dogo! Na ndevu zote hizi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido.

Asubuhi kaja Mama Pacha. Wanawe wamekulia hapa hapa. Kambeba mmoja, homa kali, kalegea. Enzi zetu faili la pacha wa pili lilipigwa mstari mwekundu juu, maana huyo penisilini humvimbisha koo. Kwenye kioo: mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, majina yamefuatana. Sikuuliza ni yupi. Umeme mzima niulize nini? Nikabonyeza la juu. Mashine ikasema hana dawa inayomdhuru. Daktari akaagiza penisilini.

Dada nesi ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano, pamba imeshapita pajani, ndipo namsikia mama akibembeleza: "Pole, Kitinda wangu." Kitinda ndiye wa pili! Nikapiga ukelele — acha! — nikamdaka nesi mkono.

Mtoto kapewa dawa nyingine, amelala. Sista Mkuu hakunigombeza. Hiyo ndiyo mbaya. Kasema nikae hapa, kajifungia ndani na Bwana Mitambo.

Mama Pacha katoka, kaketi karibu yangu, kaniwekea mkono begani. Anadhani naandika mambo ya kazi. Anasema Mungu anibariki, bila ukelele wangu saa hizi angekuwa msibani. Daktari kamwambia walisoma ukurasa usio wa Kitinda. Halafu: "Hivi, mwanangu, nani aliyewafungulia ukurasa wa kaka yake?"

Mkono wake bado uko begani kwangu.